Kujiamini Kimya Kimya: Mwongozo Kamili kwa Mtu Aliyebanwa na Maisha

Kama unasoma hii ukiwa umebanwa kweli kweli, kazi imekatika, mdai anapiga simu asubuhi na jioni, ndoa imevunjika, mtihani umefeli tena au unauguza mtu wako na hujui mwezi ujao mtaufikaje, basi nimekuandikia wewe. Na sitakuambia "jiamini tu utaweza", maana hiyo ni sawa na kumwambia mgonjwa apone. Kujiamini hakuji kwa kuamriwa. Kunajengwa, tena kwa vitu vidogo vidogo unavyovifanya mwenyewe, mara nyingi bila mtu yeyote kujua, na huo ujenzi una hatua zake. Nitazipitia moja moja, kuna ambazo nitakaa nazo sana kwa sababu ndo zenye kazi, na kuna ambazo tutazipita haraka.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini

Kuna kujiamini kwa kifua mbele, kuongea sana, kuposti kila hatua, kuonekana. Sina ugomvi na watu wa hivyo, ila ukiwa kwenye shida kujiamini kwa namna ile kunachosha, maana kunahitaji makofi kila siku na ukikosa makofi siku mbili tu kunanywea. Kule kwa kimya ni kitu kingine kabisa, ni ile hali ya kujua ndani yako kwamba "hili lililopo mbele yangu leo naliweza". Basi. Hakukuahidi kwamba kila kitu kitakuwa sawa wala kwamba utashinda, kunakuambia tu hatua inayofuata unaiweza, na ukishaipiga hiyo utaangalia nyingine.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika makala maarufu sana mwaka 1977 kuhusu jambo hili, akaeleza kwamba imani ya mtu kuwa anaweza kufanya kitu fulani inatoka sehemu nne: mambo aliyowahi kuyafanya kwa mikono yake akayaweza, kuona watu wanaofanana naye wakiyaweza, kutiwa moyo na watu, na namna anavyousoma mwili wake akiwa na presha. Kati ya hizo nne, ya kwanza ndo nzito kuliko zote. Sasa angalia wengi wetu tunaanzia wapi: tunaanzia kwenye kutiwa moyo, video za motisha, maneno matamu, halafu tunashangaa mbona Jumatatu tulikuwa na moto na Jumatano hatuna hata nguvu ya kutoka kitandani. Ni kwa sababu hatukuwa na kitu chochote tulichokifanya cha kuyashikilia yale maneno.

Bandura na wenzake walifanya kazi na watu wenye hofu kali ya nyoka, yaani watu ambao hofu ilikuwa inawaharibia maisha. Hawakuwapa hotuba. Waliwatembeza hatua kwa hatua: kwanza wanamwangalia nyoka wakiwa mbali nyuma ya kioo, halafu wanasogea mlangoni, halafu wanaingia, wanamgusa wakiwa na glavu, wanamgusa kwa mkono mtupu, na mwisho wengi wao walimshika wenyewe. Kinachonigusa mimi kwenye hiyo habari ni kwamba baadhi yao walikuja kusema wamepata ujasiri hata kwenye mambo mengine ambayo hayakuhusiana na nyoka kabisa. Walipata ushahidi juu yao wenyewe, na huo ushahidi wakatembea nao.

Hatua ya 1: Iandike hali yako kama ilivyo, bila kuipamba wala kuikuza

Chukua karatasi, sio simu, maana kwenye simu kabla hujamaliza mstari wa pili meseji imeingia. Gawa sehemu tatu: yaliyo mikononi mwangu, yaliyo nusu nusu, yasiyo mikononi mwangu kabisa.

Tuchukulie dada mmoja, kazi imeisha, ana deni, mama yake anaumwa. Sehemu ya tatu ataandika: kampuni kupunguza watu, ugonjwa wenyewe wa mama, uamuzi wa wale aliowaomba kazi. Sehemu ya pili: mdai (hawezi kulifuta deni lakini anaweza kuomba wapange upya), ndugu zake kusaidiana kumuuguza mama. Sehemu ya kwanza ndo itamshangaza, kwa sababu akiwa kichwani tu anaona hana chochote, ila akiandika anakuta yapo: kumpigia mdai kabla mdai hajampigia, kupeleka maombi ya kazi, kulala muda unaoeleweka, kuwaita ndugu kwa kikao kimoja.

Ukijiona umeganda, huwezi hata kuianza hiyo karatasi, usijitukane. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walionyesha kwamba mbwa waliopigwa na umeme ambao hawakuwa na namna ya kuuzima, baadaye wengi walilala tu wakavumilia hata pale ambapo wangeweza kukimbia. Kwa miaka mingi ikasemwa kwamba walijifunza kukata tamaa. Halafu mwaka 2016 watu hao hao wawili wakaandika kwamba utafiti wa ubongo umewaonyesha kinyume: kuganda ndo jinsi mwili unavyojibu wenyewe mateso yakiwa marefu, wala hakufundishwi, na kinachofundishwa ni kule kuona kwamba nina la kufanya na nikifanya kitu kinabadilika. Kwa hiyo kuganda kwako hakukuonyeshi kwamba wewe ni dhaifu. Unaumwa na maisha, na dawa yake ni kuuonyesha ubongo wako, kwa vitendo, kwamba mkono wako bado una kazi.

Hatua ya 2: Jipe ahadi moja ndogo kiasi cha kukuonea aibu kuisema

Hapa ndo penye moyo wa mwongozo huu wote.

Chagua kitu kimoja kwenye ile sehemu ya kwanza, kipunguze mpaka uweze kukifanya hata siku yako mbaya kuliko zote. Kipimo changu ni hiki: jiulize "siku nikiwa nimelia usiku kucha, sina hela, kichwa kinauma, hii nitaifanya?" Kama jibu ni "labda", bado ni kubwa, ipunguze. Kutuma maombi kumi ya kazi kwa siku ni kubwa. Kufungua ile barua ya maombi na kurekebisha sentensi moja ni saizi yake. Kusoma masaa manne ni kubwa, kusoma ukurasa mmoja na kufunga kitabu ni sawa. Kutembea hadi kona ya barabara na kurudi. Kumpigia mtu mmoja. Kutandika kitanda, ndiyo, hata hicho.

Najua utasema hiki kitanisaidia nini na deni lote lile. Kwa deni hakisaidii chochote leo, nakubali. Kinachosaidika leo ni neno lako. Mtu aliyepigwa na maisha muda mrefu ameshazoea kujiahidi na kutotimiza, "kuanzia kesho nitafanya hivi", kesho inapita, na kila ikipita sehemu fulani ndani yake inaandika kwamba huyu naye hana neno. Imani imevuja hapo hapo, na haiwezi kurudi kwa kuahidi makubwa zaidi. Inarudi pale neno lako kwako mwenyewe linapoanza kuwa na thamani, na neno linapata thamani kwa kutimizwa, hata likiwa dogo vipi.

Ahadi iwe moja. Nasisitiza moja kwa sababu ukipata kanguvu kidogo siku ya tatu utataka kuongeza tano, na hizo tano ndo zitakuangusha. Kaa na hiyo moja mpaka ifike mahali huifikirii tena, unajikuta umeshafanya, ndo uongeze kidogo au uweke ya pili.

Hatua ya 3: Daftari la ushahidi

Nunua daftari la kawaida, la bei rahisi kabisa. Kila siku jioni andika mstari mmoja: tarehe na ulichofanya. Usiandike ulivyojisikia, hilo lina daftari lake ukitaka, humu ni matendo tu. Mfano wa yule dada ukurasa wake utasomeka hivi: "Jumanne. Nimempigia mdai, nimemwambia sina kwa sasa, tumepanga tuongee tena tarehe moja. Mkono ulikuwa unatetemeka." Jumatano: "Nimerekebisha sentensi mbili." Alhamisi: "Sikufanya. Mama alizidiwa." Ijumaa: "Nimerekebisha sentensi, nimetuma."

Unaona ile Alhamisi? Imeandikwa kama ilivyo, bila visingizio na bila matusi. Daftari likidanganya halina kazi, kwa sababu wewe ndo msomaji na wewe unajua.

Kazi ya daftari itaonekana siku ukiwa chini. Akili ikiwa na huzuni ina tabia ya kukumbuka mabaya tu, itakuambia "hujawahi kumaliza kitu chochote maishani", na wewe huna la kuijibu kwa sababu kichwa chote kiko upande wake. Fungua daftari. Usijibishane nayo, soma tu tarehe na matendo kwa sauti ndogo. Hapo unaongea na ushahidi ulioandikwa kwa mkono wako mwenyewe, na huo ni mgumu kuubishia kuliko sifa yoyote ambayo mtu atakupa.

Hatua ya 4: Funga mdomo kwa muda, ila usijifiche

Kuna utafiti wa Peter Gollwitzer na wenzake wa mwaka 2009, baadhi ya waliohusishwa walikuwa wanafunzi wa sheria waliokuwa na nia kubwa ya kuwa wanasheria wazuri. Wale ambao nia yao ilisomwa na kutambuliwa na mtu mwingine walikuja kuweka bidii ndogo kuliko wale ambao nia yao ilibaki kwao. Yaani ukishaonekana kuwa wewe ni mtu fulani, sehemu ya njaa ya kuwa huyo mtu inashiba bila kazi kufanyika. Kwa hiyo yale malengo makubwa ya "mimi nitakuwa nani", yaache kifuani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wazee hawakukosea.

Ila kimya kina upande mbaya pia na lazima niuseme, maana wengi waliobanwa hawakai kimya kwa hekima, wanakaa kimya kwa aibu. Tofauti ni rahisi kuijua: kimya cha kujenga kinakupa nafasi ya kufanya kazi, kimya cha aibu kinakufanya ukimbie simu, usifungue mlango, uongope kwamba uko sawa. Kwa hiyo malengo nyamaza nayo, lakini shida yako lazima mtu mmoja aijue. Mmoja tu anatosha, asiyepeleka maneno. Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto 698, wote waliozaliwa mwaka 1955 kwenye kisiwa cha Kauai huko Hawaii, wakawafuata mpaka ukubwani, na kati ya waliokulia kwenye mazingira magumu sana, umaskini, ugomvi nyumbani, wazazi wenye matatizo, karibu theluthi moja walikuja kuwa watu wazima imara, wenye kujiamini na kujali wengine. Kitu kimoja kilichojirudia kwenye maisha yao ni kwamba walikuwa na angalau mtu mmoja mzima aliyewashika na kuwakubali, awe bibi, mwalimu au jirani.

Na kama unataka kuona kimya cha kujenga kinavyofanana, mwangalie mwanasayansi Katalin Karikó. Alitoka Hungaria kwenda Marekani mwaka 1985, akawa anaamini kwamba mRNA, yaani yale maelekezo ambayo seli za mwili huyatumia kutengeneza protini, inaweza kutumika kutengeneza dawa, wakati wengi kwenye fani yake wakiona ni kupoteza muda. Aliomba fedha za utafiti akakataliwa mara nyingi, na mwaka 1995 chuo alichokuwa anafanyia kazi kikamshusha cheo. Hakufanya vurugu, hakujitangaza, aliendelea kwenda maabara. Mwaka 2005 yeye na Drew Weissman wakachapisha jinsi ya kuibadilisha mRNA kidogo ili mwili usiipokee kwa vita, kazi ambayo baadaye ilisaidia kutengeneza chanjo za UVIKO-19, na mwaka 2023 wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Kutoka kushushwa cheo mpaka hapo ni miaka 28. Sikuambii kwamba ukivumilia lazima utapata Nobel, wapo wengi waliofanya kazi kwa bidii ile ile na hakuna aliyewajua, nakuambia angalia miaka ya katikati, ile ambayo hakuna aliyekuwa anapiga makofi, ndo uone imani yake ilikuwa inakaa wapi. Ilikuwa inakaa kwenye jaribio la siku hiyo.

Hatua ya 5: Badilisha unavyojisemesha

Acha kusimama mbele ya kioo unasema "mimi ni mshindi, mimi ni mshindi" kama ndani huamini. Joanne Wood na wenzake waliipima hii mwaka 2009, wakakuta kwamba watu wasiojithamini wakirudia maneno ya kujisifu kama "mimi ni mtu wa kupendwa" wanaishia kujisikia vibaya zaidi, maana akili inapinga hapo hapo na inaleta mifano ya kupinga.

Sema kitu ambacho akili haiwezi kukikataa. "Jana nilifanya, leo naweza kujaribu." "Sijui itaishaje ila simu hii naweza kuipiga." Na kuna mbinu nyingine ndogo ambayo Ethan Kross na wenzake waliichunguza mwaka 2014, kujiongelesha kwa jina lako badala ya kusema "mimi". Badala ya "kwa nini naogopa hivi?", uliza kwa jina lako, "fulani, unaogopa nini hasa, na utaanza na nini?" Inakupa nafasi ya kujiangalia kama rafiki anavyokuangalia, na wengi wetu tuna huruma na akili zaidi kwa rafiki kuliko kwetu wenyewe.

Hatua ya 6: Panga kikwazo kabla hakijafika

Huyo huyo Gollwitzer aliandika mwaka 1999 juu ya mipango ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi", na imekuja kuonekana inasaidia sana watu kutimiza wanachokusudia. Andika mbili au tatu zako nyuma ya daftari. Ikitokea nimeamka sina nguvu, nitafanya ahadi yangu nikiwa bado nimekaa kitandani. Nikikataliwa kazi, nitaandika tarehe, nitatembea kidogo, kesho yake nitatuma nyingine. Mdai akinipigia akiwa na hasira, nitasema "nimekusikia, nitakupigia saa kumi" na saa kumi nitapiga kweli. Siku ya shida kichwa hakifanyi kazi vizuri, kwa hiyo kifanyie maamuzi sasa hivi wakati kimetulia.

Hatua ya 7: Mwili

Hii fupi. Moyo kwenda mbio kabla ya usaili au kabla ya simu ngumu hauna maana kwamba huwezi, una maana jambo lina uzito kwako. Pumua ndani taratibu, toa pumzi taratibu zaidi kuliko ulivyoivuta, rudia kwa dakika mbili tatu, halafu nenda ukiwa unatetemeka hivyo hivyo. Na usiamue jambo lolote kubwa kuhusu maisha yako saa nane usiku. Lala kwanza.

Hatua ya 8: Maneno ya watu

Yatakuja, na mengine yatatoka kwa wanaokupenda. Usipoteze nguvu kujitetea. Shangazi akikuambia "mwanangu, hicho kitu achana nacho, umri umeenda", jibu "nimekusikia shangazi, asante kwa kunijali", halafu endelea. Hujamkosea heshima na hujampa usukani. Usiku ukiwa peke yako jiulize kama kwenye alichosema kuna ukweli hata punje, kama upo uchukue, uliobaki uache ulale.

Hatua ya 9: Siku ukianguka

Utaanguka, wiki nzima inaweza kupita hujafanya kitu. Ukirudi usilipe madeni ya siku zilizopita, hakuna kufanya mara saba ili kufidia. Andika "nilisimama tarehe hii mpaka hii", fanya ile ahadi ndogo mara moja, funga daftari. Kama umeanguka mara nyingi kwenye kitu kile kile, ahadi bado ni kubwa, rudi hatua ya 2 uikate nusu.

Hatua ya 10: Jua mahali ambapo kujiamini hakutoshi

Naumia sana nikisikia mtu maskini, mgonjwa au anayepigwa nyumbani akiambiwa tatizo lake ni kutojiamini. Kujiamini hakulipi kodi ya nyumba, hakutibu ugonjwa na hakumzuii mtu anayekupiga. Kama unapigwa au unatishiwa, kazi yako ya kwanza ni usalama, tafuta mtu, ondoka, ripoti, haya ya daftari yatasubiri. Na kama kwa wiki mbili au zaidi huzuni haitoki, hulali au unalala mno, chakula hakipiti, vitu ulivyovipenda havina ladha, hiyo inaweza kuwa sonona, ni ugonjwa na una tiba, nenda kituo cha afya. Kama unawaza kujiua, usisubiri kesho wala wiki mbili, mwambie mtu aliye karibu leo hii asikuache peke yako, na mwende hospitali pamoja.

Wengi wanashindwa kwenda kwa sababu hawajui wataanzaje kuongea. Iandike kwenye daftari lile lile, sentensi tatu tu, ukifika kama sauti haitoki mpe daktari asome: "Daktari, nina wiki kadhaa sijisikii vizuri kichwani na moyoni. Silali na siwezi kufanya kazi zangu. Naomba unisaidie nijue nianzie wapi."